Njia Namba 17: Historia ya Stesheni ya Grunewald, Berlin

Stesheni ya Grunewald, magharibi mwa Berlin, ilifunguliwa Agosti 1879 ukingoni mwa msitu. Wakati huo iliitwa Hundekehle. Jina la sasa ilipewa mwaka 1884, mwaka ule wa Mkutano wa Berlin tunaousoma shuleni. Baadaye matajiri wakajenga majumba yao karibu na msitu, na 1899 stesheni ikapata jengo jipya, kazi ya msanifu Karl Cornelius, lenye sura ya lango la ngome. Jengo hilo lipo hadi leo.

Lakini wengi wanaofika hapa hawafuati jengo. Wanafuata njia ya reli namba 17, upande wa mizigo.

Tarehe 18 Oktoba 1941, treni ya kwanza ya Wayahudi wa Berlin iliondoka hapa ikiwa na zaidi ya watu 1,000, kuelekea Łódź, Poland, ambako Wanazi walikuwa wamewafungia Wayahudi katika mtaa uliozingirwa. Watu hao walikusanywa kwanza katika sinagogi la Levetzowstraße, kisha wengi wakatembezwa kwa miguu kuvuka mji, mchana kweupe. Hakuna aliyeweza kusema haikuonekana. Safari za kwanza zilitumia mabehewa ya abiria ya daraja la tatu. Ya mizigo yalikuja baadaye.

Kinachonishtua zaidi ni karatasi za kazi. Shirika la reli, Reichsbahn, liliziingiza treni hizi kwenye ratiba kama treni nyingine za kukodi, na likatoza nauli: pfennig 4 (senti za Kijerumani za wakati huo) kwa kilomita kwa mtu mzima, watoto nusu, na punguzo la kundi wakifika watu 400. Abiria walilipiwa kwenda tu. Walinzi, kwenda na kurudi. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitokana na mali ya haohao waliosafirishwa. Haya hayakufanyika bila makarani, waongoza treni na watu wa ishara, na kila mmoja alikuwa na kipande chake kidogo cha kazi.

Zaidi ya Wayahudi 50,000 walisafirishwa kutoka Berlin. Si wote walipandia Grunewald, kama inavyodhaniwa mara nyingi: wengi waliondokea stesheni ya mizigo ya Moabit, na wengine, hasa wazee waliopelekwa Theresienstadt, kambi ya Wanazi katika nchi ya Wacheki, walipitia stesheni ya Anhalter Bahnhof.

Baada ya vita Berlin iligawanywa, na hapo pakawa na kioja: stesheni ilikuwa Berlin Magharibi, ila treni zake ziliendeshwa na reli ya Ujerumani Mashariki hadi Januari 1984. Ukuta wa zege wa Karol Broniatowski, wenye maumbo ya watu yaliyochimbwa ndani yake, ulijengwa 1991. Januari 1998 Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani la sasa, ilizindua kumbukumbu yake kwenye njia yenyewe: mabamba 186 ya chuma kandokando ya reli, kila moja likiwa na tarehe, idadi ya watu na mahali walikopelekwa. La mwisho ni la 27 Machi 1945: watu 18, Theresienstadt. Kwa maoni yangu, ukavu huo wa maandishi unasema kuliko sanamu yoyote, kwa kuwa ndiyo lugha iliyotumika kazini.

Ukitaka kufika, panda treni ya mjini ya S7 kutoka katikati ya mji. Njia ya miguu inayopita chini ya reli stesheni hapo ina kibao cha kukuelekeza, na hakuna kiingilio.