Mionzi ya maikrowevu, na ile ya kidani cha shangazi

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga kumsalimia shangazi. Mwaka jana nilimnunulia maikrowevu ili asiwe anawasha mkaa usiku kwa ajili ya kupasha kiporo. Nikaikuta pembeni mwa jiko, imefunikwa kitambaa cha kufuma, haijachomekwa. Mkaa nao ulikuwa unawaka mle mle ndani, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu.

"Mwanangu, ile ina mionzi," akaniambia. "Mimi nimemuuguza mjomba wako Ocean Road. Mionzi naijua."

Nina miaka kumi na sita katika kazi ya usalama wa mionzi, na jibu hilo lilinigusa. Shangazi aliona kwa macho yake ngozi ya mumewe ikibadilika rangi pale Ocean Road, hospitali ya saratani jijini Dar es Salaam, alipokuwa akipigwa mionzi. Lugha yetu nayo imempa neno moja tu kwa mambo yote haya. Jua lina mionzi, eksirei ina mionzi, mgonjwa wa saratani anapigwa mionzi, na siku hizi simu, ruta ya Wi-Fi na maikrowevu navyo tunaambiwa vina mionzi. Atajuaje kwamba si kitu kimoja?

Basi nikamwelezea hivi. Ipo mionzi yenye nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi. Hiyo tunaiita ayonishi: eksirei, gama, na ile itokayo kwenye madini kama urani na thori. Ikipita mwilini inaweza kukata DNA iliyo ndani ya seli, na ndiyo maana hospitalini huelekezwa kwenye uvimbe ili kuua seli za saratani. Kisha ipo isiyoayonisha: mawimbi ya redio, ya simu, ya Wi-Fi, ya maikrowevu, hata mwanga wa taa. Hii haina ubavu wa kung'oa elektroni. Nishati husafiri katika vifurushi vidogo viitwavyo fotoni, na kifurushi kimoja cha maikrowevu kina nishati pungufu kama mara milioni moja ya ile inayohitajika kwa kazi hiyo. Ukiongeza wati unaongeza idadi ya vifurushi, nguvu ya kila kimoja inabaki ile ile. Rusha punje za mchele kwenye embe lililo mtini kutwa nzima, halitaanguka. Jiwe moja likilipata linaanguka.

Kinachoweza kufanywa na punje nyingi ni joto, na kwa maikrowevu hilo ndilo la kuangalia. Ndani yake kuna nguvu ya wati 700 hadi 1,000 inayotikisa molekuli za maji mpaka chakula kinapata moto. Ikizimwa, mawimbi yamekwisha papo hapo, kama mwanga usivyobaki chumbani ukizima taa. Chakula hakitoki na mionzi.

Nikaivua kitambaa, nikamwita tuchungulie mlango pamoja. Nyuma ya kioo kuna bati lenye vitundu vidogo vidogo, kila kimoja kama milimita moja au mbili. Wimbi la maikrowevu lina urefu wa sentimita 12 hivi, kwa hiyo haliwezi kupenya hapo, lakini mwanga ambao wimbi lake ni dogo mno unapita, ndiyo maana unaona sahani ikizunguka. Shangazi akasema, "Kumbe ni chandarua." Sijapata kusikia maelezo mazuri zaidi ya hayo. Hewa inapita, mbu anabaki nje.

Kiwango kinachoruhusiwa kuvuja ni miliwati 5 kwa sentimita ya mraba, kinapimwa sentimita 5 kutoka kwenye mlango. Ukirudi nyuma hadi nusu mita, kinachokufikia ni kama sehemu moja ya mia ya hicho. Nilipopima ya shangazi kwa kifaa changu, mshale haukufika popote karibu na kiwango hicho. Chandarua kikitoboka ni habari nyingine: mlango uliopinda, bawaba zilizolegea, au mafuta yaliyoganda kwenye kingo hadi haufungi sawasawa. Hapo acha kuitumia. Wala usiifungue mwenyewe, hata kama umeichomoa, kwa sababu ndani kuna kapasita inayohifadhi umeme wa zaidi ya volti 2,000. Huo unaua, na hauhusiani na mionzi.

Akaniuliza kuhusu simu. Mwaka 2011 shirika la IARC, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani kwa utafiti wa saratani, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, yaani inawezekana yakasababisha saratani lakini ushahidi ni finyu. Silidharau jambo hilo. Mimi mwenyewe mazungumzo marefu nayafanya kwa spika au kwa waya wa masikioni, maana umbali mdogo tu unapunguza mengi. Pia watu wengi hawafahamu kwamba simu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi pale mtandao unapokuwa hafifu. Ukiwa kijijini na kijistari kimoja cha mtandao, usiibane sikioni kwa nusu saa. Lakini shirika hilo hilo limeuweka moshi wa kuni unaopikiwa majumbani katika 2A, kundi la juu zaidi ya lile la simu. Na hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu usiku mmoja, bila kungoja saratani. Nilifungua dirisha kabla sijaendelea.

Hapo ndipo nilipokiona kidani. Cheusi, cha duara, kizito kidogo, kimeandikwa maneno ya kigeni kuhusu nishati. Kijana mmoja alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, akamwambia kinazuia mionzi ya simu. Amekivaa miezi minane, analala nacho.

Nikachukua kipima mionzi ayonishi kutoka kwenye begi. Nikakiweka kwenye maikrowevu ikiwa inafanya kazi: kimya, mlio mmoja mmoja wa kawaida unaotoka ardhini na angani. Kwenye simu: vile vile. Nikakisogeza kwenye kidani, kikaanza kulia mfululizo hadi shangazi akavuta kiti nyuma.

Si ajabu kwangu. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa mionzi ya Uholanzi ilitoa onyo juu ya bidhaa kumi za namna hii, vikiwemo vidani, bangili na kitambaa cha kufunika macho wakati wa kulala, vikiuzwa kama kinga dhidi ya mtandao wa simu wa 5G na vyote vikitoa mionzi ayonishi. Kiasi chake ni kidogo, lakini anayekivaa usiku na mchana kwa mwaka mzima anaweza kuvuka kiwango kilichowekwa kwa ajili ya ngozi. Vingi vya vidani hivi hutengenezwa kwa unga wa madini yenye thori. Thori hiyo hiyo ilitumika kwenye visoksi vya taa za karabai za zamani, kwa hiyo kama mzee wako bado anazo taa hizo, asipulize jivu la kisoksi kilichokatika, na anawe mikono.

Nimeumia sana kwa kidani kile. Mjane aliyeogopa mionzi aliuziwa mionzi yenyewe, akaivaa kifuani.

Ukiwa na kidani, bangili au kibandiko cha aina hiyo, kivue leo. Usikivunje wala kukisaga. Kitie kwenye mfuko, ufunge, ukiweke mbali na chumba cha kulala na mbali na watoto, kisha wasiliana na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ikuelekeze pa kukipeleka. Cha shangazi nimekifunga kwenye kopo na kuondoka nacho.