Kovu Ndani ya Kitovu: Kuondoa Kifuko cha Nyongo kwa Matundu Madogo

"Daktari, mtanikata hadi wapi?" Swali hili tunalisikia sana kliniki, na anayeuliza huwa tayari ameweka kiganja chini ya mbavu za kulia, kama anayepima njia ya kisu. Wengi wamewahi kuona kovu la mama au shangazi: mstari mnene uliopita tumboni kwa mshazari, urefu wa sentimita 15 hivi. Wapo wanaoahirisha upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo, kile kifuko kidogo chini ya ini kinachohifadhi nyongo, kwa kuliogopa kovu hilo. Wanavumilia maumivu miezi na miezi, mpaka siku wanaletwa usiku wakiwa na homa na macho ya manjano. Kwa hao hasa ndio naandika.

Kovu lile refu lilitokana na njia iliyokuwa pekee kwa zaidi ya miaka 100. Carl Langenbuch aliondoa kifuko cha nyongo kwa mara ya kwanza jijini Berlin mwaka 1882, kwa kufungua tumbo. Septemba 1985, katika mji wa Böblingen, Ujerumani, Erich Mühe akakitoa kupitia tundu dogo, akiangalia ndani kwa darubini. Wapasuaji wenzake walimpinga vikali, kisha miaka michache baadaye wakamtunuku. Mwaka 1987 Philippe Mouret wa Lyon, Ufaransa, akafanya upasuaji wa namna hiyo, na kutoka hapo ukaenea duniani.

Hivi ndivyo unavyofanyika. Mgonjwa analazwa kwa nusu kaputi. Tunatoboa tundu la kwanza kitovuni, upana wa sentimita 1 hivi, na kupitisha gesi ya kaboni dayoksaidi taratibu. Tumbo linainuka kama unga wa maandazi unaoumuka, na nafasi inapatikana ya kufanyia kazi. Kamera inaingia hapo. Tundu la pili liko kwenye chembe ya moyo, na mengine mawili ya milimita 5 yako upande wa kulia, chini ya mbavu. Kwenye skrini kifuko kinaonekana kimening'inia chini ya ini, mara nyingi kikiwa na rangi ya kijani inayoelekea buluu. Tunabana kwa klipu mrija wake na mshipa wake wa damu, tunakata, tunakibandua kwenye ini, tunakitia ndani ya mfuko mdogo wa plastiki na kukivuta nje, kwa kawaida kupitia kitovuni.

Kwa upande wa urembo, kitovu ni mahali pazuri mno. Chenyewe ni kovu, la kwanza alilonalo kila mwanadamu, na mkato ukipita kwenye mkunjo wake, baada ya mwaka utautafuta kwa tochi.

Kuna wanaotaka zaidi ya hapo, na njia zipo. Ya kwanza ni kutumia vifaa vyembamba vya milimita 2 au 3 kwenye matundu ya pembeni, ambayo mara nyingi hayahitaji hata nyuzi, plasta inatosha. Ya pili ni kupitisha kila kitu kwenye tundu moja kitovuni, la sentimita 2 hivi. Hapo kovu la nje hujificha lote, lakini vifaa vinagombania mlango mmoja, upasuaji unachukua muda mrefu zaidi, na tafiti zimeonyesha kwamba ngiri ya kitovu hutokea mara nyingi zaidi baadaye. Mwaka 2007 timu ya Jacques Marescaux mjini Strasbourg ilikitoa kifuko kupitia uke, karibu bila alama yoyote tumboni. Njia hiyo haijawa ya kawaida.

Maoni yangu ni haya: kwa wagonjwa wengi, matundu manne ndiyo chaguo bora. Tundu moja nalifikiria kwa mtu mwembamba, ambaye kifuko chake hakijavimba na hajawahi kupasuliwa tumbo. Sababu ni mrija mkuu wa nyongo, unaotoka kwenye ini kwenda kwenye utumbo, na ambao uko jirani kabisa na mahali tunapokata. Ukijeruhiwa, mgonjwa anaweza kuhangaika miaka. Kwa hiyo hatukati kitu mpaka tuone wazi kwamba ni vitu viwili tu vinavyoingia kwenye kifuko. Tusipoona, tunafungua tumbo. Mgonjwa akizinduka na mkato mrefu, ndugu wasidhani mambo yaliharibika. Huenda uamuzi huo ndio uliomwokoa.

Baada ya upasuaji wengi huenda nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Bega la kulia linaweza kuuma siku mbili tatu, na wagonjwa hushtuka, "bega linahusianaje?" Gesi iliyobaki huchokoza kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio juu ya ini, na neva yake hupeleka maumivu begani. Kutembeatembea husaidia. Lakini homa, macho kuwa ya manjano, tumbo kuvimba au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, rudi hospitali siku hiyohiyo. Kidonda kiache kikavu, usipake majivu wala dawa ya meno.

Ngozi nyeusi huota keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, kwa urahisi zaidi, na kwa mwenye ngozi hiyo hata tundu la milimita 5 linaweza kuvimba likawa kama punje ya harage. Kwa hiyo ukija kliniki usituletee majibu ya utrasaundi peke yake. Tuonyeshe makovu yako ya zamani: la chanjo begani, la masikio uliyotoboa utotoni, la jipu lililopasuliwa. Kama mama au ndugu zako wana keloidi, tuambie kabla hatujachagua pa kutoboa.