Mti uliogeuka jiwe: kilichogeuka ni nini?

Mtu anayeokota kipande cha mti uliogeuka jiwe kwa mara ya kwanza hudanganywa na macho. Anaona gome, anaona nyuzi, pengine hata duara za umri. Akikiinua, mkono unashtuka kwa uzito. Akikikwaruza kwa kisu, kisu ndicho kinachoumia, kwa kuwa hiyo si mbao tena. Ni silika, kitu kilekile kinachounda mchanga mwingi, aghalabu katika umbo la kwatzi, madini magumu kuliko kioo.

Kusema mti "umegeuka" jiwe kumezoeleka, nami nasema hivyo kazini kila siku, ila kauli hiyo inaficha kazi yenyewe. Mti ukianguka porini, mchwa, kuvu na bakteria huumaliza. Ili usalimike, lazima ufukiwe upesi, kwenye tope la mto au majivu ya volkano, mahali ambapo oksijeni ni haba. Majivu yana faida ya pili: yamejaa silika. Maji ya ardhini huiyeyusha kidogo kidogo, yakaibeba hadi kwenye gogo na kupenya katika mirija ileile iliyopitisha maji mti ulipokuwa hai. Humo silika huganda, seli baada ya seli. Mbao inapokuja kuoza, umbo lake limeshanakiliwa. Ndiyo maana kwa darubini tunaweza kutambua jamii ya mti uliokufa kabla binadamu hajawapo. Rangi huletwa na uchafu tu: chuma huleta nyekundu, njano na kahawia, manganizi huleta nyeusi au zambarau.

Kenya tunayo magogo ya namna hii Sibiloi, mashariki mwa Ziwa Turkana. Yanayojulikana zaidi duniani yako Arizona, Marekani, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 200. Mengi yamekatika vipande vilivyonyooka, ungeapa ni msumeno. Hakuna aliyeyakata: kwatzi haijui kupinda, na ardhi ilipoinuka magogo yakapasuka.

Rais Theodore Roosevelt alilitangaza eneo hilo kuwa hifadhi mwaka 1906, lakini wizi wa vipande haukuisha. Jambo la ajabu ni kwamba baadhi ya wezi huvirudisha kwa posta, na barua ya kuomba radhi ndani, wakilalamika kuwa tangu wavichukue wameandamwa na mikosi. Walinzi hawawezi kuvirudisha vilipokuwa, maana hakuna ajuaye vilitoka wapi, na kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale kama haya, kisichojulikana kilipolala hakimsaidii tena mtafiti. Vinatupwa kwenye lundo kando ya barabara, ambalo wenyewe wanaliita lundo la dhamiri.