Why So Lonely: Wonder Girls walivyoishika rege

Jumamosi iliyopita mwanafunzi wangu wa gita alifika na simu mkononi, hata begi hajalitua. "Shikamoo mwalimu. Naomba usikilize hii, halafu uniambie kama ni rege kweli au wanaigiza tu." Nikamwitikia marahaba, naye akanipa upande mmoja wa visikilizio. Ulikuwa ni "Why So Lonely" wa Wonder Girls, kundi la wasichana la Korea Kusini, uliotoka Julai 5, 2016. Kwake ulikuwa wimbo mpya. Mimi nimepiga besi ya rege miaka mingi na swali lake nimeshaulizwa mara kadhaa, kuhusu wimbo huu na nyingine za Korea. Nilimjibu kwamba ni rege, tena ni rege iliyofikiriwa vizuri. Tukakaa nayo somo zima.

Nilianza na hesabu. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Katika nyimbo nyingi za pop ngoma ya mguu inapiga kwenye moja, na msikilizaji anajua mahali pa kukanyaga. Katika mdundo wa Jamaika uitwao one drop, ile moja inaachwa wazi. Ngoma ya mguu na snea, ile ngoma ndogo ya mlio mkali, zinasubiri, zinakuja kutua pamoja kwenye tatu. Carlton Barrett, mpiga dramu wa The Wailers, bendi ya Bob Marley, ndiye aliyeufanya mdundo huo ujulikane dunia nzima. Gita linaingia kwenye mbili na nne, mkwaruzo mfupi tu, kisha kimya. Mwili wako unangoja moja ambayo haiji, na kungoja huko ndiko kunakokufanya uyumbe.

Nikamwonyesha kwa gita la mazoezi. Kidole cha kwanza cha mkono wa kushoto kinalala juu ya nyuzi, mkono wa kulia unashuka, na papo hapo kidole kinalegea bila kuziachia. Sauti inakatika. Ukilegeza mapema unasikia mbao tu, ukichelewa kodi (chord, noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) inaendelea kulia na kuingia kwenye pigo la tatu, ambalo si lake. Mwanafunzi wangu alichelewa kila mara. Hilo ndilo kosa la kila anayetoka kwenye muziki wa kanisani au bongofleva: kapiga vizuri, lakini hajafundishwa kunyamazisha.

Sasa rudi kwenye wimbo. Anayeimba ana mpenzi, yupo naye pembeni, lakini ni mpweke. Anauliza kwa nini. Wimbo wa namna hii ungeweza kupigwa piano na vayolini nzito, msikilizaji akalizwa kwa nguvu. Wao wakauweka kwenye mdundo ambao kawaida yake ni kuacha nafasi. Gita linagusa na kutoka, na kati ya mguso na mguso kuna uwazi. Unausikia upweke kwenye uwazi huo kabla hujaelewa neno moja la Kikorea. Kwangu, hiyo ndiyo sababu ya kusema walijua wanachokifanya.

Na walikuwa na njia ya kujua. Wonder Girls walianza mwaka 2007 chini ya kampuni ya JYP Entertainment, wakawa kundi la kucheza na kuimba. Wimbo wao "Nobody" wa 2008 uliingia nafasi ya 76 kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani, mwaka 2009, na hakuna kundi la Korea lililokuwa limefika pale kabla yao. Kisha Agosti 2015, kwenye albamu ya Reboot, wakarudi wameshika vyombo: Sunmi kwenye besi, Hyerim kwenye gita, Yubin kwenye dramu, Yeeun kwenye kinanda. Watu wengi waliona ni pambo la jukwaani. Mimi naona ndipo mambo yalipobadilika. Ukikaa na besi mikononi wiki baada ya wiki, unaanza kusikia nyimbo kutokea chini, kule kwenye mdundo, na rege ndiko inakoishi. Mwaka mmoja baadaye ikaja "Why So Lonely", na Sunmi na Hyerim wakiwa miongoni mwa watunzi pamoja na prodyuza Hong Ji-sang. Ilikuwa mara ya kwanza wimbo mkuu wa kundi hilo kutungwa na wanakundi wenyewe.

Kuna ndugu zangu wa rege wanaokasirika wakisikia haya. Wanasema rege ni sauti ya wanyonge, ni ya Rasta, wasichana wa pop wa Seoul wanaitakia nini? Nawaheshimu, lakini wanasahau tawi zima la mti wao wenyewe. Katikati ya miaka ya 1970 jijini London, vijana wa familia zilizotoka Karibea walianzisha lovers rock, rege ya mapenzi, na wasichana ndio waliobeba bendera. Louisa Mark aliimba "Caught You in a Lie" mwaka 1975 akiwa bado binti mdogo. Mwaka 1979 Janet Kay aliufikisha "Silly Games", uliotungwa na Dennis Bovell, nafasi ya 2 kwenye chati ya Uingereza, na ile noti yake ya juu hadi leo waimbaji wanaiogopa. Sauti nyepesi ya kike, maumivu ya nyumbani, besi nzito chini yake. Sikiliza Janet Kay kisha sikiliza Wonder Girls, utaona ukoo ni mmoja.

Korea nayo haikuanzia hapo. Mwaka 1994 kundi la Roo'ra liliipa albamu yake ya kwanza jina la Roots of Reggae, na mwimbaji Kim Gun-mo alikuwa ameshafanya wimbo wa rege ukapendwa nchi nzima. Ni miaka ile ambayo bendi za rege UB40 na Inner Circle zilikuwa kila redio duniani. Tangu hapo rege kule imekuwa mgeni wa kiangazi. 2NE1, kundi jingine la wasichana la Korea, walitoa "I Don't Care" Julai 2009, na mwaka huo huo wakaurudia kwa toleo la rege lililo wazi kabisa. "Falling in Love" yao ikatoka Julai 2013. Wonder Girls pia, Julai. Hapo nina lalamiko. Ukiifanya rege kuwa nguo ya ufukweni unaipunguzia huzuni yake, na "Falling in Love", pamoja na kwamba naipenda, kwangu ina jua jingi mno. "Why So Lonely" ilitoka msimu huo huo wa joto lakini haikukubali kuchangamka kwa lazima.

Jambo moja zaidi, la lugha. Kikorea, kama Kiswahili, hakibani silabi zake sana. Kila silabi inapata muda wake. Kwa hiyo mwimbaji hana mkazo mzito wa kumsukuma kama alivyo nao mwimbaji wa Kiingereza. Analazimika kuchelewa kwa makusudi, akae nyuma kidogo ya mdundo. Anayeandika rege kwa Kiswahili ana kazi hiyo hiyo, na ningependa vijana wetu wajifunze hapo.

Januari 2017 kampuni ilitangaza kwamba kundi linavunjika, na Februari 10 ukatoka wimbo wa kuaga, "Draw Me", miaka kumi tangu waanze.

Somo lilipoisha mwanafunzi wangu hakuondoka. Aliuweka tena wimbo, safari hii gita mapajani, mkono wa kulia umetulia kabisa. Alikuwa anafanyia mazoezi mkono wa kushoto peke yake: kubana, kulegeza, kubana, kulegeza.