Funguo za nyumba nzima ndani ya kisanduku cha nje

Kisanduku kilitoka ukutani kwa bisibisi ya kawaida. Nilikuwa nimeitwa kukagua usalama wa seva ndogo zilizofungwa chini ya minara ya simu, nikajiandaa kwa siku nzima ya kuchokonoa programu. Saa moja haikuisha. Nilichomoa diski, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu, na faili la ufunguo binafsi, yaani namba ya siri ambayo seva hujitambulishia, likawa hilo hapo, wazi, halina hata nenosiri. Nikafungua kisanduku cha pili. Ufunguo uleule, herufi kwa herufi. Aliyeiba kimoja angeweza kujifanya chochote kati ya hivyo vyote.

Hesabu zao za kriptografia, yaani za kuficha na kusaini data, hazikuwa na kasoro. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninapoulizwa kuhusu uthibitishaji kwa funguo ukingoni mwa mtandao, yaani kwenye seva kama hizi zilizo karibu na mtumiaji, swali huwa ni algorithimu ipi iliyo imara zaidi. Mimi huuliza ufunguo unalala wapi.

Seva hizi zinasogezwa karibu na mnara kwa sababu ya mwendo wa mwanga. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga husafiri kilomita zipatazo 200 kwa milisekunde, kwa hiyo simu inayoongea na kituo cha data kilicho umbali wa kilomita 2,000 hupoteza milisekunde 20 kwenda na kurudi kabla kazi yoyote haijafanyika. Kwa barua pepe si kitu. Kwa gari linaloulizia kilicho nyuma ya kona, ni nyingi. Ndiyo maana taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, ina kundi linaloshughulikia jambo hili tangu 2014. Ila kituo cha data kina walinzi na kamera. Kisanduku kina skrubu nne.

Sasa tuangalie kitendo chenyewe. Simu inapojitambulisha, seva huitumia namba ya nasibu, mpya kila mara, tuseme ya baiti 32. Simu huisaini kwa ufunguo wake binafsi na kurudisha saini. Kwa Ed25519, mojawapo ya algorithimu za saini, saini hiyo ni baiti 64, na ufunguo wa umma wa kuikagulia, mwenza wa ule binafsi asiye siri, ni baiti 32. Ufunguo binafsi hautoki ndani ya simu. Anayenasa mazungumzo hewani anaambulia namba iliyokwisha kutumika na saini isiyofaa kwa namba nyingine yoyote.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapoliwa. Tuseme nimesimamisha seva bandia. Simu yako inakuja kwangu. Mimi nakwenda kwa seva halali na kudai ndiye wewe. Inanipa namba ya nasibu, nakupitishia, unaisaini kwa nia njema, narudisha saini yako. Nimeingia kwa jina lako bila kuvunja hesabu yoyote. Dawa yake ni kwamba simu isisaini namba peke yake: isaini pia utambulisho wa seva inayodhani inaongea nayo, pamoja na funguo za muda ambazo pande mbili zimebadilishana kwa mtindo ambao wanakriptografia Diffie na Hellman waliutangaza 1976. Saini ya namna hiyo nikiipeleka kwa seva nyingine, haikubaliki. Na kwa kuwa funguo za muda, ambazo ndizo hufunga mazungumzo, hutupwa yakiisha, atakayeiba ufunguo wa kudumu mwezi ujao hawezi kufumbua alichokirekodi leo.

Itifaki ya TLS 1.3, ile inayolinda mawasiliano ya tovuti, iliyotoka 2018, hufanya kazi hii kwa safari moja tu ya kwenda na kurudi. Ina pia njia ya mkato, ambapo simu inayorudi hutuma data papo hapo bila kusubiri jibu. Watu wa ukingoni wanaipenda mno, na mimi naiogopa. Data hiyo ya mwanzo inaweza kunaswa na kutumwa tena, na seva mia zisizoshirikiana kumbukumbu haziwezi kuambizana kuwa ombi fulani limeshapita kwa mwenzao. Kusoma ramani kwa njia hiyo, sawa. Kufungua mlango au kuhamisha fedha, hapana.

Kazi ngumu zaidi ni mwendo. Gari linatoka eneo la kisanduku A kuingia la B, na huduma haitakiwi kukatika. Kuanza upya kunachelewesha. A kumpokeza B ufunguo kunaokoa muda, lakini aliyemteka A anakuwa amepanda gari hilohilo na kuendelea na safari. Ninachopendelea ni kuuacha ufunguo mzazi katika kiini cha mtandao, kisha kila kisanduku kipewe ufunguo mtoto unaokokotolewa kutoka kwa mzazi na jina la kisanduku, kwa hesabu isiyorudi nyuma. Anayemshika mtoto hawezi kumpata mzazi, wala ndugu zake. Viwango vya 5G vina mpango wa sura hii uitwao AKMA, ulioingia katika Toleo la 16: uthibitishaji ambao laini yako imeshaufanya na mtandao huzaa ufunguo wa pekee kwa kila huduma.

Kwa upande wa visanduku vyenyewe napenda vyeti (hati za kidijitali zinazothibitisha ufunguo ni wa nani) vya muda mfupi, vya saa chache, ili nisihangaike kusambaza orodha ya vilivyofutwa. Vinadai saa sahihi, na hili lilinitia adabu: umeme ulikatika, betri ya saa ilikuwa imekufa, kisanduku kikaamka kikiamini ni tarehe 1 Januari 1970, sifuri ya saa za kompyuta nyingi. Kila cheti kilichokuja mbele yake kilikuwa bado hakijazaliwa. Nilitumia usiku mzima kumtafuta mdukuzi ambaye hakuwepo.

Kuhusu kompyuta za kwanta, zinazohofiwa kuvunja hesabu za leo, sina mengi. Marekani ilitoa viwango vyake vya kujikinga nazo Agosti 2024, na gharama yake ni ukubwa: ufunguo wa umma wa ML-KEM-768, algorithimu mpya ya kubadilishana funguo, ni baiti 1,184 badala ya 32 za X25519, ile ya zamani. Anzeni na ubadilishanaji wa funguo, kwa sababu kinachorekodiwa leo kinaweza kufumbuliwa baadaye. Saini zinaweza kusubiri kidogo. Hakuna atakayeghushi kuingia kwa mazungumzo ya jana.

Vile visanduku nilivirudia baada ya miezi kadhaa. Kila kimoja kilikuwa na ufunguo wake, umezaliwa ndani ya chipu ya usalama isiyokubali kuutoa, na diski niliyochomoa haikuwa na chochote cha kusomeka. Skrubu zilikuwa zilezile nne.