Harufu ya karo ikipotea ndipo hatari: maswali tunayoulizwa Lamu

Harufu ya mayai viza hutoka wapi?
Kinyesi kikikaa ndani ya karo, yaani shimo la maji taka ya choo, pasipo hewa, bakteria huvunjavunja protini na salfeti (aina ya chumvi) na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Maji ya bahari yana salfeti tele, kwa hivyo karo linaloingiwa na maji ya chumvi huvunda zaidi.

Tumefunua karo tangu alfajiri na harufu imeisha. Si gesi imetoka?
Hapana. Pua hunusa gesi hii hata ikiwa chini ya sehemu 1 kwa milioni ya hewa. Ikifika kama 100, pua hufa ganzi: harufu inapotea, gesi ipo pale pale. Ikipita 700, pumzi chache tu mtu yuko chini. Tena ni nzito kuliko hewa, hutuama, na ukikoroga tope kwa koleo hufumuka kwa mkupuo. Harufu kuisha si ruhusa ya kushuka.

Tukiteremsha kibatari kupima?
Jamani, hili liacheni! Karo lina gesi ya methani pia, na methani hulipuka. Na kibatari kuendelea kuwaka hakuonyeshi kwamba haidrojeni salfaidi haipo.

Mwenzangu akianguka ndani, nimwangalie tu?
Usishuke. Ndivyo karo moja linavyochukua watatu: kibarua, aliyemfuata, na ndugu wa aliyemfuata. Leso iliyoloweshwa maji haizuii kitu. Hata akiwa mwanao, usishuke. Kama alifungwa kamba kifuani, mvuteni mkiwa juu. Kama hakufungwa, pigeni 999, waje wenye mitungi ya hewa. Kamba ya kumfunga punda haikosi kila nyumba. Ya kumfunga mtu ndiyo haionekani.

Amezinduka, tumempa maziwa, anasema hana neno.
Maziwa huenda tumboni. Gesi imeingia mapafuni. Mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, watu wamelala. Aliyezirai karoni apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anatembea na kucheka. Mkiwa kisiwani Manda, tafuteni boti jioni hiyo. Msingoje asubuhi.

Na uvundo mdogo wa bafuni?
Mara nyingi ni maji yaliyokauka kwenye mkunjo wa bomba lisilotumika. Mwaga ndoo moja.

Basi karo likijaa tufanyeje?
Linyonywe kutoka juu. Gari haliingii vichochoroni, tunajua. Mpira mrefu wa pampu huingia.