Waume Watano na Uongo Mwingine Wanaobebeshwa Watoda

Watoda wenyewe hujiita Ol, maana yake "watu". Ni kama 2,000 tu, wafugaji wa nyati wa maziwa kwenye milima ya Nilgiri, kusini mwa India. Ila Mtoda akishuka mjini Ooty na shuka lake jeupe lenye nakshi nyekundu na nyeusi, wapita njia huona kioja, na maswali hayakawii.

"Mwanamke wao ana waume watano."

Hili ndilo linalouma zaidi, kwa kuwa lina chembe ya kweli iliyochacha. Zamani mwanamke aliolewa na wanaume ndugu wa nyumba moja, wote kwa pamoja. Watoto wa kike nao waliuawa, wanawake wakawa haba. Mauaji yalipokoma, idadi ikasawazika polepole na ndoa zile zikafifia. Leo ni mume mmoja, mke mmoja. Anayeulizwa anaweza kusema hivyo kwa sentensi moja akaendelea na safari yake. Hana deni la kumsimulia mtalii habari za chumbani kwa babu na bibi yake.

Huongezewa kwamba baba wa mtoto hakujulikana. Hapo wamekosea hata kuhusu hiyo zamani. Kwa desturi, mimba ikifika mwezi wa saba, mke na mume huenda kwenye mti uliochongwa kitundu chenye taa ndani. Mume hukata kijiti na unyasi, akatengeneza upinde na mshale mdogo, akampa mke mbele ya ndugu. Basi, baba ni yeye, na mtoto ni wa ukoo wake. Sijui ni wangapi kwetu wanaotangaza ubaba kwa uwazi huo kabla mtoto hajazaliwa!

"Ni wavivu, ardhi yao imekaa bure."

Waingereza walioanza kuhamia huko baada ya 1819 walikuta watu wasiolima. Hawakuelewa kwamba kazi yao ni maziwa, tena kazi yenye heshima kiasi kwamba hekalu lao ni nyumba ya kusukia maziwa na kuhani wake ndiye msukaji. Mbuga walizoziita pori tupu zilikuwa malisho. Zikapandwa mikaratusi, miwati na chai. Malisho yakabanwa, nyati wakapungua, kisha mfugaji akaitwa mvivu. Sheria ya Haki za Misitu ya 2006 imewapa njia ya kudai haki zao kwenye ardhi hiyo, na kwa maoni yangu dai hilo ni jibu zito kuliko kubishana na anayetukana.

"Ni Warumi au Waisraeli waliopotea."

Lugha yao ni ya jamii moja na Kitamil, lugha ya huko huko kusini mwa India. Sifa hii inapendeza masikioni, lakini inamfanya mwenyeji kuwa mgeni kwao.

"Nakshi zao ni kazi ya mashine."

Ni mkono na sindano. Mwanamke huhesabu nyuzi za kitambaa mojamoja, bila kuchora kwanza, na kazi hutoka safi hata ukadhani imefumwa. Tangu 2013 jina la darizi hiyo linalindwa kisheria nchini India. Inawapa wanawake kipato, na pia mazungumzo mengine na wageni kuliko yale ya waume. Upande wenye mafundomafundo, ambao mnunuzi huudhani wa ndani, kwao ndio wa nje.